Mabomba Yasiyolowa

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, wewe, wifi na watoto wote, pamoja na mafundi wako hapo karakana. Natumaini mu wazima na kwamba mbao zinapatikana. Upande huu hatujambo. Mafua niliyokuwa nayo yamekwisha, nyumba ni ileile, na mwenye nyumba amepandisha kodi kama kawaida yake, kisha akaniuliza kwa upole kama nina malalamiko. Nilimwambia sina.

Mama anaendelea vizuri. Daktari wa mifupa alimwona tena wiki iliyopita, akamtembeza kidogo kwenye korido ya hospitali, akasema nyonga iliyovunjika alipoanguka inashika. Sasa anatoka chumbani mpaka jikoni kwa fimbo, na akifika jikoni kazi yake ni kunikosoa. Sufuria zangu ni nyepesi mno, jiko linaunguza, vitunguu navikata kama mtu aliyegombana navyo. Nilipoanza kusikia hayo nilijua tumevuka sehemu mbaya. Dawa anameza, ingawa hakuna kidonge kinachopita bila kusutwa kwanza.

Barua yako nimeipata kwa mkono wa yule dereva wa lori la mbao, na ameniambia ulimkabidhi ukiwa umenuna. Unasema Mfuko umesimamisha malipo ya mabomba. Unasema barua mliyoletewa haina kichwa wala miguu, na kwamba benki imewapa mpaka mwisho wa robo hii ya mwaka, baada ya hapo itaanza kunadi nyumba mlizoweka rehani, na ya kwanza kunadiwa itakuwa ya Mama. Unasema pia kuna mtu humu ofisini kwetu anayewachimba. Unanitaka nimtafute, nikutajie cheo chake na anakokaa, ili umfuate umpashe mpaka akome. Nimekuelewa. Nitakujibu, lakini kwa mpangilio wangu, maana nikianza na jibu hutasoma yaliyobaki. Nakufahamu, hata gazeti wewe unaanzia nyuma.

Hupenda kunitania kwamba nalipwa mshahara kwa kutazama mabomba ya watu. Hujakosea sana. Kampuni yetu imeajiriwa na Mfuko kuhakiki miradi. Tuko ghorofa ya nne, kwenye jengo ambalo lifti yake imebandikwa tangazo la matengenezo tangu sijaajiriwa. Tangazo lenyewe lilishafifia, na mwaka huu wamelichapa upya. Tunakaa sita chumba kimoja, meza zimegusana, feni ni moja na inamwelekea bosi. Bosi tunamwita Vielelezo, kwa sababu huwezi kumwambia jambo lolote, hata kwamba unaumwa tumbo, asikuulize vielelezo viko wapi. Si mtu mbaya. Ana woga tu wa kuulizwa na wakubwa akakosa la kujibu.

Niseme kwanza jinsi Mfuko wenyewe unavyofikiri, kwa kuwa ninyi huko mnauona kwa mlango wa nyuma. Zamani nchi tajiri zilitoa fedha mwanzo, kisha zikangoja. Baada ya miaka zilitumiwa picha ya msingi wa jengo, na miaka mingine ikipita zilitumiwa picha ya msingi uleule ukiwa umeota nyasi. Zikachoka. Ndipo Mfuko ukaanzishwa na neno lake moja: jengeni ninyi kwanza, matokeo yakionekana tutawalipa. Kwenye karatasi linapendeza sana. Asiyejenga halipwi, na mwizi hakuti kitu cha kuiba. Ila waliokaa mezani wakaliandika hawakujiuliza mtu asiye na kitu atajenga kwanza kwa kutumia nini.

Ninyi mlijibu swali hilo kwa nyumba zenu. Halmashauri haikuwa na fedha, benki haikutaka kukopesha kamati ya maji isiyo na hata kabati, basi wewe mwenyekiti na wajumbe watatu mkaweka hati mezani. Hati yako ilikuwa ya nyumba ya Mama. Nakumbuka uliponipigia simu kuniuliza, nikasema mwenye nyumba yu hai, muulize mwenyewe. Ulimuuliza, akaweka sahihi yake, na mabomba yakajengwa yakaisha kwa wakati, jambo ambalo hapa ofisini lilizungumzwa kwa mshangao.

Halafu kuna sharti la uendelevu. Vielelezo hulitamka neno hilo kama kijana anayetaja jina la mchumba. Mfuko haukutaka bomba linalomwaga maji siku ya uzinduzi likakauka mwezi unaofuata, kwa hiyo ukaandika kwamba bomba litalipiwa iwapo, mwaka mmoja baada ya kujengwa, mhakiki atafika, atalifungua na litatoa maji. Likitoa, mnalipwa. Lisipotoa, hamlipwi hilo. Ni sharti fupi, na lilikubalika haraka kwa sababu ya ufupi wake.

Kampuni yetu nayo ina sharti: hakuna anayehakiki kwao. Faili lenu lilipoingia nilinyoosha mkono nikasema nimezaliwa hapo na mwenyekiti wa kamati ni kaka yangu wa tumbo moja. Vielelezo akataka vielelezo. Nikampa cheti cha kuzaliwa. Faili likaenda kwa mwenzangu tunayemwita Mwalimu, aliyefundisha kemia miaka mingi kabla ya kuja kwetu na ambaye hadi leo hawezi kuona tangazo lenye kosa akaliacha bila kulisahihisha kwa kalamu nyekundu. Unamkumbuka, ni wewe uliyempokea.

Alirudi kutoka kwenu akiwa anang'aa uso. Alisema hajawahi kuona mabomba kama yale. Yote yalitoa maji, hakuna lililovuja, hakuna lililolegea mpini, na sakafu zake ni safi kiasi kwamba mtu angeweza kuandaliwa chakula hapo chini akala bila wasiwasi. Alikusifu wewe kwa kinywa kipana. Alisema laiti kila mji ungekuwa na mwenyekiti kama huyo. Mimi nilijifanya nasoma karatasi, lakini nilikuwa nimejaa fahari mpaka masikioni, na mchana huo niliwanunulia wenzangu soda.

Vielelezo naye akafurahi, na akifurahi hutafuta kazi ya ziada kwa watu. Akakata shauri kwamba mji wetu utawekwa kwenye kijitabu cha mwaka, uwe mfano, na kijitabu kipelekwe kwenye miji mingine yote inayotaka fedha za Mfuko. Akanipa picha za Mwalimu nichague moja ya jalada. Alisema kuchagua picha si kuhakiki, ni urembo tu, kwa hiyo naruhusiwa.

Nikakaa nazo. Kaka, mimi nimetazama mabomba mengi. Bomba la mtaa lililotumika mwaka mzima lina sura yake. Saruji huliwa na ndoo mahali pamoja, pembeni huota ukoko wa kijani, mfereji huziba kwa povu na maganda, na mpini hung'aa pale vidole vinaposhika. Haya yenu yalikuwa na rangi ya dukani. Saruji ilikuwa nyeupe kama unga, na ndani ya mifereji kulikuwa na majani makavu. Kisha nikafika kwenye picha ya bomba la mtaa wetu. Mwalimu amesimama mbele, anatabasamu, ameshika glasi ya maji. Nyuma yake geti letu linaonekana, na kando ya geti kuna mwanamke anayepita na ndoo kichwani, miguu ina matope mpaka magotini, akitokea kule kwenye mteremko wa kijito. Anapita karibu na bomba bila kuligeukia, kama mtu anayepita mbele ya duka asilokuwa na hela ya kuingia.

Jioni ile, wakati mimi na Mama tunachambua mboga, nilimuuliza kwa sauti ya kawaida kama mabomba hufunguliwa saa ngapi. Akasema yanafunguliwa ukiyafungua wewe, kaka.

Alinieleza yote bila kumlaumu mtu. Kwamba wiki ya kwanza baada ya uzinduzi bomba la sokoni lilivunjwa shingo na watu waliokuwa wakigombea zamu, kipuri kilikuwa cha kuagiza kutoka mbali, na fundi alitaja bei msiyoweza kuilipa, mkaishia kuliunga kwa kipande cha bomba kuukuu. Mkapiga hesabu. Bomba likiwa bovu siku ya uhakiki Mfuko haulilipii, na benki haitaki kujua lipi zima na lipi bovu. Ukaitisha mkutano. Ukasimama ukasema, kwa nia njema kabisa, kwamba mwaka mmoja si mwingi kwa watu walioteka kijitoni maisha yao yote. Tuvumilie, tuyatunze, hela ikiingia tutayafungua yote na tutajenga na mengine mtaa wa juu. Watu wakapiga makofi. Mikono ikanyooshwa, wa Mama ukiwamo. Ukanunua kufuli, ukafunga funguo kwenye mkanda wa suruali, na kila Jumamosi ukawa unapita kuyafungua kidogo yasishike kutu, unayafuta kwa kitambaa, kisha unayafunga tena.

Mwaka ukaisha na mhakiki hakuja. Hilo ni kosa letu, si lenu. Gari letu lilikuwa gereji, kisha mkataba wetu na Mfuko ukawa unasainiwa upya, kisha Vielelezo akaenda likizo muhuri ukiwa umefungiwa kwenye droo yake. Ninyi mkaendelea kungoja na kufuli zenu. Nami kila nilipokuuliza kwenye simu habari za mabomba, ulinijibu kwamba hakuna hata moja lililoharibika, na niliyabeba maneno hayo mpaka ofisini nikatamba nayo.

Mtu asiye wa kwetu angecheka. Mimi nilikasirika, na nakwambia hivyo bila kupepesa. Nilikukasirikia wewe, nikaukasirikia Mfuko, nikamkasirikia hata Mwalimu na glasi yake. Nilipohesabu vizuri niliona kila mmoja alikuwa na sababu. Hakuna aliyeiba senti. Sharti lilisema bomba litoe maji siku mhakiki akifika, nanyi mkahakikisha litatoa. Mlifanya hasa kile mlichoambiwa kwamba kitalipiwa.

Baadaye nilimwandikia Vielelezo nusu ukurasa. Nilisema ni kweli mabomba yanatoa maji, ila hakuna anayeyanywa, na kwamba kijitabu kikienda kwenye miji mingine, miji mingine nayo itanunua kufuli. Basi kaka, umeshapata jibu lako. Hakuna adui aliyejificha nyuma ya kabati. Aliyesimamisha malipo ni mimi. Naomba usiichane barua hapa, kwa sababu bado kuna mengine, na hayo ndiyo hasa yaliyonifanya nikuandikie.

Vielelezo aliisoma karatasi yangu akaigeuza nyuma, kana kwamba huko kungekuwa na maneno nafuu zaidi. Aliniambia kwamba kwa mujibu wa sharti taarifa ya Mwalimu haina kasoro, na kwamba mimi nilishatamka kuwa ni ndugu yako, kwa hiyo faili hilo sipaswi hata kulinusa. Nilimjibu kwamba kama ningetaka kukupendelea ningenyamaza. Akamwita Mwalimu. Mwalimu alikuna kichwa, akakiri kwamba kweli mwenyekiti alitembea mbele yake na fungu la funguo, naye alidhani ni kwa ajili ya wahuni. Alisema tangu afike kwenu hakuna mtoto aliyekuja kukinga maji, na kwamba jambo hilo lilimpita. Toka siku hiyo hanipi tena nusu ya mkate wake saa ya chai. Mimi nimeondolewa safari za nje, nakaa ndani kupanga mafaili mpaka watakapoamua vinginevyo. Sijalalamika.

Mfuko ulimtuma mhandisi wao, mama mmoja wa makamo mwenye maneno machache na viatu vya kutembelea mashambani. Hakutaka kuona picha za mabomba. Aliomba picha ya mita kubwa ya pale kwenye tangi, ambayo Mwalimu aliipiga kwa sababu hupiga kila kitu chenye namba. Akaisoma, akasema maji yaliyopita humo kwa muda wote huo yanatosha kuosha lile tangi lenyewe na kusuuza. Vielelezo akajaribu kutania kwamba angalau mabomba yamedumu. Yule mama hakucheka. Akasema sharti lile lilipoandikwa alikuwapo mezani na alilipigia kura, na akatuomba maji ya kunywa.

Sasa sikiliza, maana hiyo barua isiyo na kichwa wala miguu ina maana, ila imefichwa kwenye aya ya saba. Hamjakataliwa. Mfuko utarudi kabla ya tarehe ya benki, na safari hii hawatajaribu mabomba. Watasoma mita, na watasimama kwenye foleni wawaulize wanaoteka. Yakiwa yanatumika, mtalipwa yote, hata lile la sokoni lililowahi kuvunjika, kwa kuwa sharti jipya linaruhusu bomba liharibike ilimradi litengenezwe. Wameandika pia kwa benki kuomba subira. Kama benki itakubali sijui. Benki haina tabia ya kusoma barua za watu. Kwa hiyo usingoje. Ukifungua kesho, mita zitakuwa zimezunguka vya kutosha watakapofika. Mkitoza kidogo kwa kila ndoo vipuri vitajilipa vyenyewe, na cha bomba la sokoni nimekinunua hapa, dereva atakuletea pamoja na barua hii. Na tafadhali, kaka, nawajua watu wa kwetu: mtu asije akapendekeza kwenye mkutano kwamba mabomba yaachwe wazi usiku kucha yamwagike mitaroni ili mita isome vizuri. Huyo mama atawauliza wanawake, si mitaro.

Najua utakachosema sasa. Utasema nimeiuza nyumba ya Mama kwa nusu ukurasa. Ningekuwa wewe ningesema hivyohivyo. Ndiyo maana nataka ujue kwamba kabla sijaandika neno hata moja nilimuuliza mwenye nyumba. Nilimweka kwenye kiti, nikamweleza benki ni nini na rehani ni nini, ingawa alikuwa anajua, na nikamwambia nikiandika anaweza kukosa pa kurudi. Nilikuwa tayari akikataa ninyamaze, nichague picha nzuri, na kijitabu kichapwe. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema yeye aliweka nyumba apate maji, hakuiweka apate bomba la kutazama. Akasema niandike. Kisha akaniuliza kama chai bado ipo, nikajua mazungumzo yamekwisha.

Nimefika kwenye jambo la mwisho, nalo nimekatazwa kulisema. Mama alinishika mkono akaniapisha kwamba hutalijua kamwe, si kutoka kwangu wala kwa mtu mwingine. Nimekaa na kiapo hicho mpaka barua yako ilipofika. Uliposema humo kwamba mmeyafunga tena mpaka hela iingie, niliona siwezi kukishika.

Mama hakuanguka uani akianika nguo.

Alipofikishwa hapa, muuguzi alipofungua bandeji ya goti aliosha mchanga na changarawe kutoka kwenye kidonda. Sikufikiria kitu wakati ule. Jioni ile ya mboga ndipo nilipokumbuka kwamba ua wetu una sakafu ya saruji, na wewe ndiye uliyeimwaga, na hauna changarawe hata moja. Nikamuuliza. Alianguka kwenye mteremko wa kijito, asubuhi, akipanda na ndoo. Alikuwa peke yake. Alikaa pale chini mpaka wanawake wengine walipotokea nyuma yake, na hakupiga kelele, anasema, kwa kuwa aliona aibu. Wakambeba. Walipofika getini aliwaomba wamzungushe kwa nyuma, wamlaze uani chini ya kamba ya nguo, wamwekee beseni kando, wamfute matope miguuni, halafu ndipo mmoja wao akimbie karakana kukuita. Walifanya hivyo. Wanawake wote wa mtaa wetu wanajua. Walikupa pole, walikusaidia kumpakia kwenye gari, na hakuna hata mmoja aliyefungua mdomo, kwa sababu yeye aliwaomba.

Nilimuuliza kwa nini hakukuomba ufunguo siku moja tu, mzee kama yeye, na bomba liko hapo getini. Akasema mama wa mwenyekiti akifunguliwa bomba, kesho kila mtu ataleta ndoo na sababu yake, na wewe utashindwa kuwakatalia, na kazi yako yote itaharibika. Akasema ulikuwa na furaha mwaka ule kuliko miaka yote tangu Baba afariki. Ulikuwa unapita Jumamosi na kitambaa chako unayafuta, naye anakutazama dirishani. Hakutaka kuwa yeye wa kukuvurugia.

Sikuandikii haya nikuumize. Nimefikiria sana kama nikuache ufungue kwa ajili ya benki, kwa kuwa hiyo sababu ingetosha na mabomba yangefunguka vilevile. Lakini ungefungua ukiwa unahesabu mita, na siku hela ikiingia ungetafuta kitu kingine cha kukifungia kufuli kwa nia njema. Mimi ni mdogo wako, sina haki ya kukufundisha. Nimeona tu ujue ni nani aliyekuwa anapita mbele ya bomba lako.

Hasira yangu kwako imekwisha. Iliisha siku ileile Mama aliponisimulia habari ya kitambaa. Nakuomba tu jambo moja. Usije mbio kumwomba radhi, na ukimpigia simu usimtajie mteremko wala kijito wala wale wanawake, maana atajua nimevunja kiapo, na atajua kwamba sasa unajua, na hilo la pili ndilo asiloweza kulibeba. Mwambie tu kwamba maji yanatoka. Mwambie foleni ilikuwa ndefu, mwambie watu waligombana kidogo, mambo kama hayo. Mengine yote atayaelewa.

Nisalimie wifi, mwambie vitambaa alivyoagiza nimevipata, ila rangi si ileile. Wabusu watoto, hasa huyo mdogo anayedai amenisahau sura. Wasalimie majirani wa upande wa chini na wale wanawake wote wa mtaa wetu. Ukiwasalimia usiwaambie kwa nini nimewataja. Mungu awalinde nyote mpaka tutakapoonana.

Mama yuko hapa kitini, ameniuliza naandika nini kirefu hivyo, nikamwambia nakuandikia wewe. Anakusalimu sana. Anasema nikwambie nyonga haimuumi tena hata kidogo, usihangaike. Nimeandika kama alivyosema.

Mdogo wako,
yule wa mabomba ya watu